Jina la Kwadwo halikutosha

Serwaa uko wapi. Nimejifungia chooni kwa Bibi

Nimemleta Kwadwo wangu wa Amsterdam aonwe. Bibi kampa maji, kamuuliza yeye nani. Akajitapa, "Jina letu Ofosuhene. Babu alitoka nalo kwetu Mampong, sasa tumejaa Uholanzi mpaka Toronto."

Bibi akasema, "Hilo la baba yako. Damu ni ya mama. Mama yako ukoo gani?"

"Bretuo."

Bretuo, Serwaa. Kama mimi. Kama Bibi mwenyewe. Na wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani

Mimi nilisikia Ofosuhene nikajua hatuna undugu. Mtu wa ng'ambo, ukoo wa mamake sikuuliza

Bibi hata hakufoka. Kaniambia taratibu tu, "Haya, mpakulie kaka yako fufu."

Kaka yangu

Na mimba yake hii niipeleke wapi