Kitabu Kilichoshonwa kwa Uzi wa Viatu

Sasa, Nekesa wangu?

Hapa Riruta tuko sawa. Mamako amepona homa, na paka amezaa ndani ya kikapu changu cha kufuma.

Unauliza kama ni makosa kukipenda kitabu ambacho darasa lote limekichukia. Ngoja nicheke kwanza.

Miaka ya sabini, nikiwa mpangaji kule mtaa wa Kongo, hapo Kawangware, ploti yetu nzima ilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Tulikigawanya vipande ili kila mtu asome bila kungoja. Mimi nilipata harusi, nikasema ni kitabu cha kucheka. Jirani yangu, fundi wa viatu, alipata mazishi ya huyo bwana harusi, akasema ni cha kulia. Tulibishana pale mferejini mpaka ndoo zikafurika.

Wote walipomaliza kusoma, fundi akakishona upya. Nikakifungua: mazishi katikati, harusi mwisho!

"Wewe, umekosea! Huyu si alishakufa?"

"Najua. Lakini nilitaka kiishie pale ulipocheka."

Huyo fundi ni babu yako. Anakusalimia, na bado anasema ni kitabu cha kulia.

Nyanyako, ambaye bado anacheka.