Chapa kwenye Shingo ya Ngamia-Joka

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kifua kinabana. Daktari anasema moyo umechoka — kana kwamba sikujua! Na Amran, mjukuu wangu, ananiletea kazi. Anabuni mchezo wa mezani, wa dadu na kadi. Wachezaji ni wasafiri katika nchi ambayo joka alifia kisimani, na wanyama wote wakayanywa maji yale. Mimi, afisa mifugo mstaafu, nimbunie wanyama hao.

Nimemchora ngamia mwenye magamba. Amran anataka ateme moto. Nikamuuliza: atacheua vipi, ikiwa moto na majani vinapita koo moja? "Awowe," ananiita babu kwa Kisomali, "ni mchezo tu!" Mchezo tu! Hata uongo una mifupa.

Jumatano, 5 Novemba

Punda mwenye mabawa — nimefuta. Swala mwenye mkia wa joka — nimefuta. Mkono umezeeka, magamba yanatoka kama vipele. Amran akacheka: huyu hana damu ya joka, Awowe, huyu ana ukurutu, mpeleke josho la dawa! Nikamtupia rula. Haikufika hata ukingo wa mkeka.

Ijumaa, 7 Novemba

Amenisomea kanuni mpya. Mchezaji akimkamata ngamia-joka na kumtia chapa ya moto shingoni, basi ni wake. Nilipiga kelele mpaka Leyla, mkwe wangu, akatoka jikoni mbio akidhani nimeanguka. Chapa haimfanyi mnyama kuwa wako!

Amran akauliza kwa upole: basi nini humfanya kuwa wako?

Nikasema naomba uji.

Jumamosi, 8 Novemba

Niandike, pumzi ingalipo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ukame. Visimani Wajir, ngamia jike mchanga wa rafiki yangu Barre alijichanganya na kundi letu. Chapa yao ilikuwa mstari mmoja. Yetu, miwili. Nilipasha chuma moto, nikaongeza mstari. Dakika moja tu — na ile harufu ya manyoya! Kisha nikampeleka malisho ya mbali.

Barre alikuja kwetu akimtafuta, miguu imepasuka. Nikampa chai. Akaniuliza. Nikasema: Wallahi, sijamwona. Akanywa chai, akanishukuru, akaenda zake.

Wana wa ngamia yule ndio walionilipia chuo. Miaka thelathini nimewafundisha watu kutambua chapa za mifugo. Mimi!

Mungu husamehe yaliyo Yake. Haki ya mja humsubiri mja mwenyewe asamehe.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwambia Amran. Alikusanya kadi zake, akazifunga kwa mpira. Baadaye akaja na simu: amepata namba ya Barre, yuko Rhamu kwa mwanawe.

Nikapiga. Barre akapiga ukelele: wewe bado hujafa? Malaika wa kifo amekusahau? Tukacheka. Tukasema habari za magoti yanayouma. Tukasema habari za mto Daua, na vitunguu vya mwanawe vilivyooza shambani. Kisha salamu, kwaheri.

Amran alikuwa amesimama mlangoni. Awowe, dakika ishirini za vitunguu!

Nilimfukuza. Kisha nikamwita arudi, aniinue nikalale.

Jumatatu, 10 Novemba

Miguu imevimba. Sikuchora. Sikupiga. Mwoga.

Jumanne, 11 Novemba

Amepiga Barre mwenyewe! Asubuhi, kabla sijanywa dawa. Sauti haikuwa ya juzi. Akasema, walalo, ndugu yangu, juzi nilikuwa na neno, nikaona haya, nikasema vitunguu.

Nikadhani anajua.

Akasema: unamkumbuka ngamia wangu aliyepotea Wajir? Uliniapia kwa jina la Mungu, na mimi nikatoka kwenu bado nakushuku. Nikakusema kwa watu, visimani, mwaka mzima. Mtu ameapa, nami nikamsengenya, nikamla nyama! Sisi ni watu wa kaburini sasa. Nisamehe.

Alikuwa akilia. Barre!

Na mimi — ulimi huu! — nikasema: nimekusamehe, walalo.

Akasema Alhamdulillahi, amepumua. Akakata.

Nimemsamehe. Mimi nimemsamehe yeye!

Amran alikuwa kando yangu, alisikia yote. Hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Alikaa mkekani, akaichukua simu mapajani mwangu, akabonyeza namba, akaiweka kati yetu na kufungua sauti ya nje, sote tusikie. Naandika ili mkono uwe na kazi. Inaita. Inaita bado. Amran ananishika kifundo cha mkono, kalamu inaruka —

Barre ameitika. Anasema: haya, nakusikiliza, sema