Jina Lililotangulia

Brooklyn Park, Minnesota
Tarehe 14 Novemba

Mpendwa ndugu yangu Keziah,

Naomba radhi kwa kimya cha miezi tisa. Barua yako ya Februari ilinifikia salama, nami sikuisahau. Imo ndani ya Biblia yangu na huiona kila asubuhi. Mara tatu nimeanza kuijibu, na kila nilipofika kwenye swali lako, kwamba ninaishije na mkwe wangu, kalamu ilisimama. Leo nitajibu. Lakini kwanza, goti lako linaendeleaje? Je, paa la jikoni lilikamilika kabla ya mvua? Sisi huku tu wazima wa mwili. Theluji ya kwanza ilianguka mwanzoni mwa mwezi huu, na mwanangu Margaret amenivika viatu vizito kama vya askari. Natasha, mjukuu wetu, huelewa kila neno la Kiswahili nimwambialo, kisha hunijibu kwa Kiingereza. Namvumilia.

Unajua kwamba kwetu mzee hahamii kwa mume wa binti yake. Mimi nimefanya hivyo, na huu ni mwaka wa tatu. Ken hajapata kunifanya nijione mgeni. Huniita Baba, hunipeleka hospitali mwenyewe, na alinitengea chumba chenye dirisha la kusini, kwa kuwa jua la huku katika majira haya ni la kutafutwa. Nakueleza haya ili upime uzito wa yatakayofuata.

Ken aliacha uuguzi akafungua mkahawa katika mji mdogo ulio jirani nasi. Watu huja kula pilau na mbuzi wa kuchoma, lakini kinachoushikilia mkahawa ni chumba cha pili, chenye mlango wake wa barabarani, ambacho katika karatasi ni duka la tumbaku. Sheria ya jimbo imekataza uvutaji katika mikahawa tangu zamani, ila inamruhusu mteja wa duka la tumbaku aonje kabla ya kununua. Basi vijana huja kuonja shisha. Huionja jioni nzima, huku sahani za pilau zikipitishwa kwao kutoka jikoni. Nilimwambia Ken kwamba sijapata kuona ulimi mzito kiasi hicho, usiotambua ladha hata usiku uingie. Alicheka, akasema nimwachie wakili mambo ya ulimi.

Mwezi wa Januari baraza la mji lilipitisha sheria yake: hakuna kuonja tena ndani ya jengo lolote. Wenye mikahawa wanne, Ken akiwa mmojawapo, wakaushtaki mji. Hoja yao ni kwamba jimbo limekwisha kusema, na jambo lililoruhusiwa na jimbo haliwezi kukatazwa na mji. Mji unajibu kwamba sheria ya jimbo ni sakafu, si dari. Hakuna aruhusiwaye kushuka chini yake, lakini kila mji waweza kupanda juu. Nimelitafakari sana jambo hili. Nilipokuwa mwalimu mkuu, Wizara ilituruhusu viboko vinne, mimi nikaruhusu viwili, na hakuna mwalimu aliyenipeleka mahakamani. Hata hivyo namwelewa Ken. Alijenga chumba kwa kufuata sheria iliyoandikwa, kisha mwingine akaja kuiandika upya ukuta ukiwa umekwisha kupakwa rangi.

Wakili alihitaji hati ya kiapo kutoka kwa watu wa mkahawa. Aliiandika, ikatafsiriwa, ikaachiwa nafasi za majina. Ilisema kwamba chumba kile ni baraza la jamii yetu, kwamba moshi hauingii upande wa chakula, na kwamba hakuna mfanyakazi aliyepata madhara. Wafanyakazi wale ni Wakongomani tunaosali nao Columbia Heights, na kwao mimi ni mzee wa kanisa kabla ya kuwa baba mkwe wa tajiri wao. Ken alilijua hilo. Aliniambia, "Baba, wewe sign wa kwanza. Wakiona jina lako, hao wengine hawatakuwa na maswali mingi." Nikatia saini. Wote watano wakanifuata, na hakuna aliyegeuza ukurasa.

Mmoja wao ni Générose, mama kutoka Uvira, ambaye kazi yake ni kubeba makaa ya moto na kuyabadilisha kwenye shisha. Kanisani ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya. Siku ya Pentekoste nilimwona amehamia safu ya nyuma, midomo ikicheza bila sauti. Nikadhani amegombana na mwalimu wa kwaya, nikamwita baada ya ibada nimpatanishe. Akaniambia ni kifua. Daktari amemtaka akae mbali na moshi, naye hawezi kulisema kazini wala kwa watu wa mji, kwa sababu alikwisha kuapa kwamba hana madhara. Sikumwuliza kwa nini aliapa. Alinieleza mwenyewe: "Mzee, niliona jina yenu iko pale juu, njo na miye nikatia yangu."

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyatamka. Sikuyasahihisha.

Sasa, Keziah, nakuungamia nisilomwambia hata mchungaji. Mimi niliisoma hati ile, yote, mara mbili. Siku ya saini Générose alikuwa wa mwisho. Alishika kalamu, akaniuliza imeandikwa nini, kwa maana hasomi upesi. Nikamjibu kwamba ni maneno mazuri na nimeyasoma mwenyewe. Nilikuwa nimeuona mlango wa kati ukizuiwa wazi kwa gunia la mchele. Nilikuwa nimeona makaa yakiwashwa kwenye jiko lile lile la pilau. Nilikuwa nimemsikia akikohoa nami nikiendelea kula. Nilinyamaza kwa ajili ya dirisha la kusini. Wewe ulikaa darasani kwangu mwaka mmoja, unakumbuka nilivyomwadhibu mtoto aliyenakili jibu la jirani bila kulifikiri. Sikupata kumwadhibu jirani aliyejua kwamba jibu lake ni baya akaliacha linakiliwe.

Jumanne nilimweleza Ken kwamba nitaifuta saini yangu. Margaret aliinuka mezani. Ken akasema alidhani niko upande wake. Nikamjibu kwamba niko, na ndiyo maana nimemwambia yeye kabla ya hakimu. Akachukua funguo za gari akatoka. Asubuhi nilikuta theluji imekwisha kuondolewa kwenye njia yangu, kama siku zote, lakini hatujasemezana tangu hapo. Sijui kama nitaendelea kukaa hapa. Tumia anwani hii hadi nitakapokupa nyingine.

Générose alikuja leo. Nimeandika hati mpya kwa mkono wangu, nikamsomea tangu neno la kwanza hadi la mwisho, akanisimamisha mahali pawili nami nikabadilisha. Alipomaliza kusikiliza alinisukumia kalamu, kwa heshima, nitangulie. Nikairudisha kwake. Jina lake ndilo lililo juu. Langu liko chini yake.

Wasalimie shemeji, watoto, na wazee wote wa Wundanyi wanaoniulizia. Kesi itasikilizwa Alhamisi. Hakimu akishaamua, kwa upande wowote, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Ni mimi kaka yako,
Naftali