Wake Kumi na Wawili Uani

Kambini, Novemba

Dada Geum-ok mpenzi,

Sisi wazima, na Narae wangu ameng'oka jino. Leo wake wote kumi na wawili wa mabaharia wa manowari yetu niliwakusanya uani, tupake kabichi pilipili, tutengeneze kimchi ya msimu wa baridi. Kando yangu nilimketisha Hye-rim, yule bibi harusi mgeni mwenye mimba ya miezi saba, ninayempelekea supu ya mwani tangu waume zetu waondoke.

Tulimtania, "Ukizidisha pilipili hivyo, mumeo atakimbilia tena baharini!" Alicheka mpaka akashika tumbo.

Sikuwa nimewaambia kwamba manowari imechelewa siku mbili.

Saa nane likaingia gari la makao makuu. Ofisa aliwapita wote, akanijia mimi. "Mama Narae, wanakuamini. Nisaidie kumpeleka Hye-rim ndani."

Nilivua glavu, nikamshika Hye-rim mkono. Ngazini nikamnong'oneza ofisa, "Na mume wangu?"

Hakunitazama. "Tuanze na huyu kwanza, mama."

Sasa Hye-rim amelala kitandani kwangu, amechoka kumlilia mumewe. Wenzangu wangali uani wanapaka kabichi pilipili, maana wameambiwa wasiondoke. Simu zetu zimechukuliwa. Barua hii atakuletea muuza kabichi anayerudi Daegu jioni.

Dada, panda basi la alfajiri uje umchukue Narae. Mama usimwambie sababu. Mimi nashuka uani kukaa nao.

Mdogo wako,
Seon-rye