Mlango Uliopotea Chumbani kwa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mama anakuja Ijumaa! Amekubali shingo upande. Wiki moja tu, asije akawa mzigo. Tangu Baba afariki anaishi peke yake, na macho yake ndiyo hayo: anaona mwanga na vivuli, basi. Wiki moja! Mimi namtaka akae nasi moja kwa moja. Chumba cha nyuma kina bluu iliyokoza, giza kama stoo. Lazima kipakwe.

Jumanne, 4 Machi

Dukani tumechagua rangi mpaka muuzaji akakaa chini. Nyeupe – hospitali. Njano – mume wangu kasema Mama atadhani yumo ndani ya yai. Tumechukua krimu, kama maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo. Nimeipenda papo hapo.

Jumatano, 5 Machi

Kazi! Mume wangu juu ya ngazi, mimi chini na roli. Bluu ikawa inachungulia. Tukarudia, ikanyamaza. Mlango na fremu navyo vikapata krimu, ya mafuta. Mume wangu aliuliza, si bora mlango ubaki wa kahawia? Nikasema hapana, kila kitu kifanane. Akapaka. Mgongo unauma, ila nashukuru: si kila mwanamume anapanda ngazi kwa ajili ya mama mkwe bila kuombwa mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Amefika. Kasimama katikati ya chumba, kainua mikono mbele ya uso.

"Naiona mikono yangu," kasema. Halafu: "Hata pete."

Nikaenda kulia jikoni. Ee Mungu, asante. Kwa kopo la rangi tu!

Jumamosi, 8 Machi

Majuto ni mjukuu, na leo kaja mapema. Asubuhi nasikia mtu anapapasa ukuta. Mama anatafuta mlango! Ukuta krimu, mlango krimu – kaupita, karudi, kaupita tena, mwisho kajigonga goti kwenye kabati. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Kakaa kitandani, kauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Kule kwake, kasema, anajua kila kona.

Mume wangu hakusema "nilikwambia". Alitazama dari tu. Namshukuru kwa hilo pia.

Nikamwambia Mama ukweli, kwamba mlango nimeupoteza mimi, nikitaka vitu vifanane. Akacheka mpaka akakohoa. Eti tangu utotoni nilikuwa nawavalisha wanasesere wote nguo moja.

Jumapili, 9 Machi

Mama ametoa amri kutoka kitandani: fremu iwe kahawia iliyokoza, na swichi ya taa izungushiwe hiyo hiyo. Kuta zisiguswe, krimu yake anaitaka. Mume wangu kapaka fremu yote, kasimama kuisifia kazi yake, ndipo tukakumbuka – Mama yumo ndani! Na rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka.

"Mama, usitoke, utajipaka."

"Nitoke niende wapi?"

Chai tumempitishia dirishani. Naandika hapa koridoni, nimeegemea ukuta, namsikia akinywa. Basi la kurudi hajaliuliza tangu jana. Na mimi sithubutu kulitaja.

Sasa hivi ameita. Anauliza kama kitanda chake cha kule kwake kitapita kwenye mlango huu.

Mume wangu kakimbilia futi ya kupimia. Karudi nayo, kasimama mbele ya mlango. Fremu bado mbichi, hakuna pa kuishikiza.