Shule Yetu ya Mezani

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, na mimi nimefura kwa hasira.

Sijamwambia mtu: ile barua iliyopelekwa shuleni kwa mdogo wangu Mghoi niliiandika mimi, na sahihi ya Mama niliighushi. Ilisema Mama ameamua kumsomesha mtoto wake nyumbani. Mama hajui lolote. Kila asubuhi anapokwenda kazini wodini anadhani nampeleka Mghoi shule. Tunazunguka mtaa, kisha tunarudi kwa mlango wa nyuma.

Wiki ya tatu sasa.

Mwalimu wake aliniita, kwa kuwa Mama alikuwa kazini, akasema Mghoi ahamishiwe shule ya watoto wazito wa akili. "Hajibu. Hata kuniangalia haniangalii." Mtoto wa miaka minane, aliyelelewa na bibi yetu kule Taita kabla hatujaja huku ugenini, akafundishwa kwamba mkubwa akisema unainamisha macho na kunyamaza. Heshima hiyo ndiyo wanayoiita uzito wa akili.

Nami nilijibu nini? Nilitazama sakafu, nikasema, "Ndiyo, Miss." Nimemaliza shule juzi tu na bado naogopa walimu. Hilo linanichoma kuliko yote.

Mghoi si mzito. Anajumlisha kwa vibanio vya nguo kwa haraka kuliko mimi. Anasoma kopo zima la kakao, hata maandishi madogo ya chini, mradi nimempa mgongo.

Mama mmoja wa maktaba aliniambia sheria ya huku inaruhusu mtoto kusomeshwa nyumbani. Sawa, inaruhusu. Inamfaa mwenye mama anayeshinda nyumbani, na vitabu, na mtu anayejua hesabu za sehemu. Mimi sehemu zilinishinda. Na Jumatatu naanza kazi ya kufua mashuka hospitalini. Nani atamfundisha Mghoi? Vibanio?

Leo imekuja barua. Bwana mmoja wa halmashauri atakuja Alhamisi kutazama masomo yetu, na anataka kuzungumza na Mama. Nikashikwa na hofu. Nikamkalisha Mghoi, nikamuuliza maswali kama atakavyoulizwa. Akainamisha macho. Nikauliza tena. Kimya. Nikaipiga meza, vibanio vikatawanyika.

"Niangalie ninaposema nawe!"

Ndivyo mwalimu wake anavyomwambia. Mghoi alikwisha kunisimulia.

Hakulia. Aliokota vibanio kimoja kimoja, kisha akasema, akiwa bado chini ya meza, "Dada, na wewe umekuwa Miss?"

Namkasirikia mwalimu. Namkasirikia bwana wa halmashauri ambaye hata sijamwona. Lakini nilimtoa Mghoi shuleni kwa sababu sikuthubutu kusema sentensi moja: kwetu mtoto hamkodolei mkubwa macho. Sentensi moja tu. Nikaona heri kughushi.

Kesho Mama akirudi, kabla hajavua viatu, nitampa barua ya halmashauri na kumweleza yote. Atanifokea, na ni haki yake. Kisha nitamwomba twende kwa Miss pamoja, na mimi ndiye nitakayesema, nikimtazama usoni.

Na wewe, kama umeliokota daftari hili, nakuomba: jambo hili lisitoke kinywani mwako hadi kesho jioni. Mama asilisikie kwa mtu mwingine. Nimemdanganya wiki tatu. Angalau ukweli aupate kwangu.