Shuka Uone Mwenyewe

Vatra Dornei, 14 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima. Nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu: juzi Jumatatu niliteleza kwenye kona ya mlimani, nikaligonga kwa nyuma gari lililokuwa mbele yangu. Barafu yenyewe huioni mpaka uwe juu yake. Taa imevunjika, bampa imebonyea. Basi. Usihangaike.

Mwanao,
Nicanor

Putna, 26 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, lakini kuni nimeshaingiza ndani. Jana kanisani Varvara, mke wa seremala, aliniuliza, "Mwanao anaendeleaje tangu yule mama afe pale mlimani?" Nikabaki nimeshika mshumaa kama mjinga. Mama gani? Wewe uliniandikia taa. Niambie, hata kama ni jambo baya.

Mama yako

Vatra Dornei, 8 Februari

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Mara tatu nimeianza barua hii nikaichana.

Yule mama aliitwa Aglaia, mshonaji. Nilipomgonga hakuumia hata kidogo. Alishusha kioo akasema, "Kijana, tusisimame konani. Twende mpaka uwanja wa kanisa, tutaandikiana maelezo ya ajali huko." Nikaogopa kwamba huko atanibambikia na mibonyeo ya zamani. Nikamwambia, "Hapana, shuka uone mwenyewe, kesho usije ukanisingizia."

Akashuka. Tulikuwa tumeinama katikati ya magari yetu wakati lori la magogo lilipokata kona. Dereva alikanyaga breki, hazikushika. Mimi niliruka mtaroni. Yeye akabanwa.

Polisi wameandika ajali. Hakuna aliyeuliza nani alimshusha.

Mwanao

Putna, 12 Februari

Nicanor,

Sikuulizi hali. Nimelia, nikakukasirikia, nikalia tena. Lakini hayo uliyonayo ni haki ya mumewe kuyajua. Nenda kwenye arobaini, umwambie wewe, asije akayasikia kwa akina Varvara. Koti jeusi la marehemu baba yako nimelituma kwa basi.

Mama yako

Vatra Dornei, 22 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimekwenda. Mumewe, Mzee Silvestru, alinipa bakuli la ngano ya kumwombea marehemu kabla hajajua mimi ni nani. Nikaliweka chini, nikamwambia yote, mpaka maneno yangu yale. Nilitamani anipige.

"Asubuhi ile tuligombana," akasema mwishowe. "Alitoka kwa hasira, akaacha glavu mezani. Nikasema, acha baridi imfunze adabu." Akanitazama. "Labda alikuwa na nyingine garini. Wewe ulimwona. Alikuwa amevaa?"

Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Za sufu."

"Za sufu," akarudia. Akaliokota bakuli, akaniwekea mkononi. "Kula."

Mama, alikuwa mikono mitupu. Vidole vilikuwa vyekundu, akivipuliza. Ngano niliila yote.

Mwanao